Krimu ya Ngozi Mpya

Nyumbani wananiita Presha, na sijawahi kuugua presha hata siku moja. Walinipa jina hilo kwa sababu nikifunga mlango narudi mara tatu kuutikisa, na simu ikiita alfajiri naanza kuhesabu jamaa kichwani nione nani hayupo tena. Kazi yangu inanifaa. Napima maji kwenye maabara ya mamlaka ya maji. Nachukua tone, nalipanda kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu, naiweka kwenye kabati la joto siku mbili, kisha nahesabu madoa. Doa moja ni ukoo mzima. Huko mtu asiyeamini kitu analipwa mshahara kwa kutokuamini kwake.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Yeye akiamini ameamini. Kwa miaka thelathini na moja amepika mafuta ya kujipaka kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, penye jiko la gesi, mizani, rafu ya makopo na masufuria matatu ambayo hayajawahi kuonja mchuzi. Mafuta yake yalikuwa mazito, ya njano, mafuta matupu na nta ya nyuki. Hayakuoza kamwe, na sababu haikuwa uchawi wa mikono yake kama wateja walivyodhani. Hayakuwa na maji, na pasipo maji vijidudu havizaliani.

Maji yaliingia maishani mwetu kwa ajili ya mwanawe. Binamu yangu ni mwokaji mikate, na miezi mitano kabla ya haya ninayoyasimulia tanuri lilimlipukia. Miguu yote miwili iliungua kuanzia magotini kushuka chini. Madaktari walichuna ngozi mgongoni kwake wakaibandika miguuni, ikashika. Siku daktari alipotuambia kwamba baada ya wiki nne atamruhusu kurudi nyumbani, alitupa na masharti. Ngozi hiyo mpya haijitengenezei mafuta. Inatakiwa kupakwa mara nne kwa siku, mwaka mzima, la sivyo itakauka na kupasuka, na kwenye mpasuko vijidudu vitaingia. Tena isipakwe mafuta mazito yanayoziba joto. Ipakwe krimu nyepesi, ya maji na mafuta pamoja, isiyo na manukato.

"Vijidudu vikiingia, Mama, tunaanza upya," alisema. "Kuchuna na kubandika."

"Krimu nitampikia mwenyewe," alisema Shangazi, pale pale kwenye korido ya hospitali.

Daktari alimtazama yeye, kisha mimi. "Ikiwa na maji ni lazima iwe na kihifadhi. Isipokuwa nacho itaoza kabla hujaona kwamba imeoza."

"Basi huyu hapa." Shangazi alinisukuma mbele kwa kiganja. "Msomi wa maji. Atanichagulia."

Nilitaka kusema madukani zimejaa krimu nzuri, tena zilizopimwa. Lakini nilikuwa nimemwona kwa miezi mitano akikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda cha mwanawe, mikono mapajani, mikono ambayo haijawahi kukaa bure. Sikuwa na moyo wa kumnyima. Nikasema sawa, na kuanzia dakika ile sikupumua vizuri.

Kihifadhi ni dawa kidogo tu inayotiwa kwenye krimu ili bakteria na ukungu visizaliane humo. Kukichagua si kazi ngumu kama unampakia mtu mwenye ngozi yake ya kuzaliwa. Mimi nilitakiwa kupata kitu kikali cha kutosha kuua na kipole cha kutosha kukaa juu ya ngozi yenye umri wa miezi mitano. Nikisoma hiki, kina nguvu lakini kinawasha. Nikisoma kile, ni kipole, na upole wake unavifikia hata vijidudu.

Msusi wa jirani, ambaye hakosi la kusema, alitupa ushauri wake akiwa amesimama mlangoni na kichana mkononi. "Tia vitamini E. Mimi natia kwenye mafuta ya nywele, mwaka wa pili huu hayajanuka."

Nikamweleza kwamba vitamini E inazuia mafuta yasichache, basi. Bakteria haiwahusu. "Ukiwatilia vitamini, utakuwa unawanenepesha."

Shangazi alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tanuri lilipuke, na kicheko kile kikaniongezea mzigo.

Nikajaribu sodiamu benzoeti, ile inayotiwa kwenye vinywaji vya chupa. Ni ya kuaminika, ila inafanya kazi krimu ikiwa na uchachu kidogo tu. Nikapika kikombe kimoja, nikampelekea. Shangazi alikuwa amejikata kidole na kisu asubuhi ile. Akachota krimu, akaipaka moja kwa moja kwenye kidonda, akakunja uso.

"Inachonyota."

"Shangazi, hicho ni kidonda kibichi."

"Na miguu ya mwanangu ni nini? Inachonyota, haifai. Tafuta nyingine."

Kuanzia hapo swali lake likawa hilo moja. Hakuuliza inaua vijidudu vingapi. Aliuliza inachonyota au haichonyoti, na mimi nikawa katikati, roho juu, nikitafuta kitu cha kuwaridhisha yeye na sahani zangu.

Nilichopata mwishowe kinaitwa fenoksietanoli. Ni majimaji yasiyo na rangi, hayazidishwi asilimia moja, na hutiwa krimu ikishapoa kufikia nyuzi arobaini ili moto usiyaharibu. Nilipika kikombe jikoni kwangu. Kwa ruhusa ya mkuu wangu nikachukua vijidudu vya maabara, nikavitia humo makusudi, nikasubiri. Siku ya pili karibu vyote vilikuwa vimekufa. Siku ya saba sahani ilikuwa tupu, haina doa hata moja. Nikaruka ruka peke yangu hadi mkuu akachungulia mlangoni kuuliza kama nimeumwa na siafu.

Nikamwandikia Shangazi maelezo kwenye karatasi ngumu, kwa herufi kubwa. Akapika sufuria lake la kwanza siku ya Jumanne, mimi nimesimama kando na kipimajoto. Kwenye nyuzi thelathini na nane nikatia kihifadhi kwa mkono wangu, akakoroga, nikakimbilia zamu ya mchana. Baada ya siku tatu nikachukua kijiko kimoja cha krimu hiyo, nikaipanda. Siku mbili tena kwenye kabati la joto.

Nilifungua sahani. Madoa yalikuwa yamejaa pembe hadi pembe, yamepandana, hayahesabiki.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na naliandika kama lilivyo. Sikumwambia. Alinipigia simu akiuliza, "Vipi, mwanangu, imefaulu?" Sauti yake ilikuwa na matumaini mengi mno. Nikasema, "Iko karibu, Shangazi. Tubadilishe vitu vidogo tu." Nikaona nimemstahi.

Nikaanza kuvishuku vitu visivyosema. Nikayapima maji ya bomba lake, yakawa safi. Nikayachemsha makopo. Nikalinganisha kipimajoto changu na cha maabara. Nikaongeza kihifadhi mpaka kwenye ukomo wake, asilimia moja kamili, nikasimama tena kando ya sufuria, nikatia mwenyewe, nikakimbilia kazini. Nikarudi kuchukua kijiko. Nikapanda, nikasubiri.

Madoa yale yale.

Zilikuwa zimebaki siku tatu mwokaji arudi. Nilikuwa sili vizuri. Kazini niliandika tarehe ya jana kwenye chupa za leo. Ya kwangu ilikuwa imefaulu na ya kwake ilishindwa, kwa maelezo yale yale, kwa kihifadhi kile kile, na kulikuwa na swali moja tu lililobaki ambalo sikuwa nimeliuliza, nalo lilikuwa jepesi kuliko yote. Mimi nikiondoka, wewe unafanya nini? Lakini Shangazi ndiye aliyenifundisha kunawa mikono. Ningeanzia wapi kumuuliza kama amenawa? Niliona bora nihoji makopo.

Jumatano mchana nikaenda kwake ili nimweleze ukweli. Njiani nilirudia maneno, nikayasahau, nikayarudia. Kulikuwa na joto la kuyeyusha lami, naye nikamkuta amevaa sweta la mikono mirefu. Akanikaribisha, akaniletea maji ya kunywa, akanipa glasi kwa mkono wa kushoto.

Tulipokuwa watoto alitupiga vibao kwa kosa hilo. Nikaitazama glasi, nikamtazama yeye. Akajua kwamba nimejua.

"Mkono wa kulia una nini?"

"Nimejigonga."

"Shangazi."

"Nimekwambia nimejigonga. Kunywa maji."

Sikunywa. Nilifanya jambo ambalo mpwa hamfanyii shangazi yake: nilimshika kiganja nikalivuta sweta juu. Upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja changu. Pamevimba, pekundu, panatoka usaha wa rangi ya kijani, na pananuka.

"Nilipasugua na jiwe la miguu," alisema, akitazama ukuta. "Ya mwanangu haina ngozi ya juu. Nikataka na yangu pale isiwe nayo, ili nijue. Kila krimu uliyosema iko karibu nimeipaka hapo kwanza. Siwezi kumpaka kitu ambacho sijui kinauma vipi."

Nami, kwa kuwa akili ilikuwa imesimama, nikauliza swali la kipuuzi kuliko yote. "Ilichonyota?"

"Haikuchonyota. Hii ya mwisho ni nzuri kabisa. Ila pamevimba kidogo."

Nikapiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima maishani mwangu. Nilimwambia ana wazimu, nilimwambia angepoteza mkono, nilimwambia krimu ile ilikuwa imeoza, zote mbili zilikuwa zimeoza, na mimi nilijua nikanyamaza. Shangazi akaweka chini glasi niliyoikataa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alichukua mtandio wake, tukaenda zahanati. Muuguzi alisafisha kidonda, akafunga bandeji, akampa vidonge vya siku saba na maneno makali ya dakika kumi. Kwenye maneno yale nilimwona Shangazi anainamisha kichwa, na hilo liliniumiza kuliko kidonda chenyewe.

Kesho yake asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwake. "Leo sikimbilii zamu," nilimwambia. "Nataka kuona kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mpaka kopo lifungwe."

"Unataka kunipima kama maji yako."

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe. Nilitakiwa kufanya hivyo siku ya kwanza."

Alikaa kwenye kiti na bandeji yake akaniongoza, mimi nikawa mikono. Tukayeyusha mafuta, tukapasha maji, tukaunganisha, nikakoroga mpaka krimu ikawa nzito na nyeupe. Ikapoa. Nikatia kihifadhi. Karatasi yangu ya maelezo iliishia hapo, nikanyoosha mkono kuchukua mfuniko.

"Bado," alisema.

Alinyanyuka, akafungua kabati la juu, akatoa chupa ndogo ya kioo iliyofungwa kitambaa. Akachomoa kijiko.

"Hiyo ni nini?"

"Kianzio." Alisema kama mtu anayesema chumvi. "Kwenye kila sufuria nabakiza kijiko kimoja kwa ajili ya lijalo. Usipotia, mafuta yakiganda yanakuwa chenga chenga, yanakwaruza. Ukitia, yanaiga ya wenzao, yanalainika. Mama alifanya hivyo, na mimi nafanya hivyo. Unanitazama nini?"

Kwa mafuta matupu alikuwa sahihi kabisa. Mafuta yanayoganda huhitaji mbegu ya kuyaongoza, na ile ilikuwa hekima ya kweli ya watu waliojua kazi yao. "Shangazi, kilichomo humo sasa hivi ni mafuta yale ya zamani, au ni krimu?"

"Krimu. Siku ile daktari alipotupa masharti, kabla wewe hujaanza kusoma soma, nilijaribu kupika kidogo nione inashikana vipi. Hapo ndipo nilipobadilisha kianzio. Huwezi kuanzishia krimu kwa mafuta."

"Ulitia kihifadhi?"

"Ningekipata wapi siku ile?"

Basi. Karibu wiki nne kwenye kabati la chumba chenye joto la jiko, krimu yenye maji, isiyo na ulinzi wowote, inachotwa na kurudishiwa. Kihifadhi kinatiwa ili kimalize vijidudu vichache vinavyoingia na kidole cha mtu. Yeye alikuwa anaviingiza kwa mamilioni, vimeshiba, tena kila kijiko kilichorudi chupani kilikuwa na kihifadhi kidogo cha kuvizoeza kuishi nacho. Kila sufuria nililolilinda, alilifungulia mlango mimi nikiwa njiani kwenda kazini. Nikamweleza polepole, bila maneno ya kitabuni. Alisikiliza amesimama, kijiko mkononi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni sisi. Wewe ulitia, mimi sikuuliza."

"Ningempaka." Aliitazama bandeji yake. "Keshokutwa ningempaka hii, mguu mzima."

Nilidhani atalia, nikajiandaa kumshika. Badala yake alinipa chupa. "Kaipande kwenye sahani zako kwanza. Nataka nione kwa macho yangu. Usinihurumie tena, Presha, umesikia? Huruma yako ni ya hatari."

Nikaipanda. Nilipomletea sahani aliitazama kwa muda mrefu bila kuigusa, kisha akasema tuichemshe ile chupa na kila kilichomo, tumwage. Tukamwaga. Miaka thelathini na moja, na kabla ya hiyo miaka ya mama yake, hakuwahi kupika bila kianzio. Sufuria lile la Alhamisi, lisilotiwa kitu zaidi ya yaliyo kwenye karatasi yangu, lilikuwa limeshikana vizuri tu. Alilitazama akasema, "Kumbe," halafu akaenda kulala mchana, kitu asichofanya.

Mwokaji alirudi na mkebe wa krimu ya hospitali ya kumfikisha siku kumi. Zilinitosha. Siku ya pili tangu tupike nikapanda sahani. Siku ya saba nikapanda tena. Sahani ilipotoka kwenye kabati ikiwa tupu niliihesabu mara tatu, nikahesabu sifuri mara tatu, nikamwomba na mkuu naye ahesabu.

Jumamosi asubuhi nikaipeleka. Binamu alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu imenyooshwa juu ya stuli. Ngozi ilikuwa inang'aa, ya waridi na kahawia, na mistari ya maungio ilionekana kama viraka vya shuka.

"Presha mwenyewe!" alisema. "Nasikia mmepika krimu mwezi mzima. Mkate wangu unaiva dakika arobaini."

"Mkate wako ulikulipukia, Kaka."

"Hilo nalo kweli."

Shangazi alikuwa amemwambia bandeji ni ya kuungua na mafuta ya moto. Alinawa mikono hadi viwikoni, akaukwepa mkono ule unaopona, akapiga magoti mbele ya stuli. Akalishika kopo bila kulifungua. "Presha. Una uhakika?"

Alikuwa ameniomba nisimhurumie. "Kwenye sahani, ndiyo. Kwenye miguu yake sijui mpaka tupake."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akafungua. Akachota kidogo kwa kidole. Akagusa chini ya goti la kushoto, mahali ngozi ni nyembamba kuliko pote. Hakuutazama mguu. Alikuwa anautazama uso wa mwanawe, macho kodo, na mimi pia.

"Inachonyota? Sema ukweli. Usinifiche kwa kuwa nimepika mimi."

Utani wote ulikuwa umemtoka Binamu usoni. Alinitazama mimi kwanza, kama mtu anayeomba msaada, kisha akamtazama mama yake.

"Mama, hapo sihisi kitu."

"Yaani haichonyoti."

"Yaani sihisi. Hata ukichoma sindano. Tangu waliponibandika, miguu yote, goti kushuka chini. Daktari anasema huenda baada ya mwaka itarudi, huenda isirudi. Nilimwomba asikwambie."

Kidole cha Shangazi kilisimama pale pale kilipokuwa. Mkono wake wa bandeji, uliokuwa umeegemea stuli, ukarudi nyuma ya mgongo wake polepole. Mimi tayari nilikuwa napiga hesabu. Tungempaka ile nyingine, angeoza mguu hapa hapa kwenye kochi huku anatutania habari za mikate, na asingesikia maumivu yoyote ya kumwambia aite mtu.

"Hata kidogo?" aliuliza Shangazi.

"Hata kidogo, Mama. Samahani."

Nilisubiri alie. Hakulia. Alichota tena, safari hii kwa vidole vitatu, akaanza kupaka taratibu kuanzia juu kushuka chini, akiufuata kila mstari wa maungio, akiinama karibu mpaka pua inakaribia kugusa ngozi.

"Basi mimi nitakuwa natazama," alisema. "Mara nne kwa siku. Presha, fungua pazia."

Nikafungua yote mawili.